Kisu cha kukunja: Kwa nini mpini ukaguliwe kabla ya makali

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wahenga walisema. Lakini kisu kikali chenye mpini mbovu humla mwenyewe.

Unguja, kisu cha kukunja ni chombo cha kazi. Kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, mtembeza wageni hukitoa mfukoni kila baada ya muda mfupi: kubandua gome la mdalasini, kupasua tunda la kungumanga ili mgeni aone basibasi nyekundu, kumenya chungwa. Mvuvi hukitumia kukatia mshipi na chambo.

Katika kazi zote hizo mkono haukauki. Kuna jasho, utomvu, maji ya chumvi au ute wa samaki. Makali yakiisha, yananolewa. Mpini ukiteleza, hasara inaangukia vidole.

Ujaze kiganja

Mpini mzuri hugusa kiganja chote. Ukiwa mwembamba sana, mtu hulazimika kuubana kwa nguvu, na baada ya muda mkono unachoka na kuanza kukakamaa. Ukiwa mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia na ncha ya mpini inachoma katikati ya kiganja.

Umbo nalo lina kazi. Mpini wa mviringo kamili kama bomba hugeuka mkononi. Ulio bapa kidogo, mfano wa yai, unamwambia mtu makali yameelekea wapi hata kama hatazami.

Kona zote zinatakiwa zilainishwe. Kona kali haisumbui dukani, lakini baada ya nusu saa ya kubandua mdalasini inaacha lengelenge.

Uzuie kidole kisitangulie

Ajali moja ya kawaida hutokea mtu anapochoma kwa ncha. Kisu kinagota, mkono unaendelea mbele, kidole cha shahada kinapanda kwenye makali.

Ndiyo maana mpini uliofikiriwa vizuri una kinundu au kibonyeo upande wa mbele ili kidole kisipite. Sehemu ya nyuma nayo hupanuka kidogo, kisu kisichomoke kikivutwa.

Mng'aro usimdanganye mnunuzi. Plastiki inayong'aa huteleza ikilowa. Mpini wenye mikwaruzo midogo, au mbao isiyopakwa vanishi nzito, hushika vizuri zaidi.

Loki ndiyo roho ya kisu

Kisu cha jikoni hakikunjiki. Cha mfukoni kinakunjika, na kikijifunga ghafla ubapa unarudi palepale vidole vilipo. Mkato wa upande wa ndani wa kidole unaweza kukata kano, na kidole hakikunji tena bila upasuaji.

Kuna visu vinavyozuiwa na springi peke yake. Hivyo vinafaa kumenya tunda, si kuchoma wala kukandamiza. Vingine vina loki kamili.

Visu vya Okapi, vilivyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika na baadaye kuhamia Afrika Kusini, vina aina maarufu yenye kipete mgongoni. Ubapa haufungi mpaka kipete kivutwe. Opinel, kisu cha Ufaransa chenye mpini wa mbao, tangu mwaka 1955 kina kola ya chuma shingoni inayozungushwa ili kuuzuia ubapa.

Njia ni mbili, lengo ni moja: kisu kifungwe na mtu, kisijifunge chenyewe.

Chumvi na masika

Hewa ya pwani haina huruma. Chumvi huingia kwenye kiungio na kula pini taratibu, hata kama ubapa wenyewe haushiki kutu. Mbao laini nayo hunyonya maji ikafura, na ubapa unakwama ndani. Ikikauka inasinyaa, na mpini unaanza kucheza.

Mbao nzito ina nafuu. Mpingo wa Tanzania bara, kwa mfano, ni mzito kiasi kwamba huzama majini na haunyonyi maji upesi. Ubaya wake ni uzito, na ukilainishwa sana unateleza.

Dawa ni rahisi. Kisu kikitoka baharini kisuuzwe kwa maji ya bomba kikiwa wazi, kikaushwe, kisha kiungio kipate tone la mafuta ya cherehani na kufutwa. Mpini wa mbao upakwe mafuta kidogo ya nazi.

Jaribio la dakika mbili dukani

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi afanye haya:

• Akifungue na kushika ncha ya ubapa upande wa mgongo, autikise kushoto na kulia. Ukicheza, akirudishe.

• Apitishe ukucha pale mbao au plastiki inapokutana na chuma. Ukucha ukikwama, kuna mwanya wa kuingiza uchafu na chumvi.

• Aguse vichwa vya ribiti. Viwe sawa na mpini, visichomoze.

• Afunge loki, kisha abonyeze mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa. Ukilegea, loki hiyo ni pambo tu.

• Akikunje na kupitisha kidole juu ya mpini. Ncha isijitokeze, la sivyo itatoboa mfuko, au paja.

• Akishike kama anayefanya kazi kwa dakika moja nzima. Sehemu inayouma kidogo dukani itauma sana shambani.

Bei kubwa peke yake haithibitishi kitu, na kisu cha bei poa kinaweza kufaulu majaribio yote sita. Kisichofaulu hata kimoja kati ya la kutikisa na la loki, kibaki dukani hata kama makali yake yananyoa ndevu.