Bunagana: Maharagi na lengalenga, kinga ya moyo

Katika teritware ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, wengi huita maharagi chakula cha maskini. Mtu akipata pesa, anakimbilia nyama na vya kukaanga.

Lakini ng’ambo ya mpaka wa Bunagana, nchini Uganda, watafiti Shaper na Jones waliandika mwaka wa 1959 kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuonekana kwa Waafrika waliokula ndizi za kupika, mihogo, viazi vitamu na maharagi. Waasia wa huko, waliotumia mafuta mengi zaidi, waliugua mara nyingi.

Nyuzinyuzi za maharagi hupunguza kolesteroli; potasiamu ya mboga husaidia kushusha presha. Ila sombe iliyojaa mafuta ya mawese na chumvi hupoteza faida hiyo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5, sawa na kijiko kidogo. Mwenye dawa za presha asiziache.

Tangu M23 ilipoteka Bunagana Juni 2022, wakulima wengi walikimbia mashamba yao. Bila usalama, hata chakula hicho cha maskini kinakosekana.