Viungo Vilivyokatika Katika Kompyuta ya Chama

Katika kompyuta zinazotumia Linux, kiungo ni kielekezi kinachotaja mahali faili halisi lilipo, kama vile daftari la malipo ya wanachama. Faili hilo likihamishwa au likibadilishwa jina, kiungo hukatika.

Katibu aingie kwanza katika folda inayohusika na kuandika amri "find . -xtype l", ambayo huorodhesha viungo vilivyokatika bila kufuta chochote. Kisha akague kila kimoja kwa amri "readlink", ili aone kilikoelekezwa. Asiharakishe: huenda diski yenye daftari haijachomekwa tu.

Orodha ihifadhiwe, ndipo vifutwe, kimoja kimoja, vile tu visivyohitajika tena. Kufuta kiungo hakufuti faili halisi. Lakini katibu asiyejua daftari liliko hawezi kumjibu mwanachama anayedai haki yake.