Neno 'sintetiki' lisituuzie oili

Kuna neno moja ambalo siku hizi limebandikwa kwenye mikebe mingi ya oili ya injini inayouzwa katika vituo vya petroli na maduka ya vipuri humu nchini. Neno lenyewe ni 'sintetiki'. Mnunuzi akiliona huliamini, muuzaji hulitamka kwa madaha, na bei hupaa kwa ajili yake. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni maneno wala si injini. Hata hivyo, nina gari, na ninao wenzangu wengi, walimu kwa wahadhiri, walionunua magari yao kwa mikopo ya vyama vya akiba. Mtu wa aina hiyo injini ikimfia kabla ya mkopo kwisha, mshahara huendelea kukatwa mwezi baada ya mwezi kulipia gari lililoegeshwa juu ya mawe. Hapana budi basi tuulize neno hili lina maana gani.

Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kiwandani. Ndani yake mna molekuli za kila umbo na ukubwa, nyingine zikiwa dhaifu mbele ya joto. Oili sintetiki, kwa maana ya awali ya neno hilo, ni ile ambayo molekuli zake zimeundwa na wanakemia kwa kuunganisha vipande vidogo vidogo hadi vikapata umbo linalotakikana. Taasisi ya Petroli ya Marekani, ijulikanayo kama API, huyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Mawili ya kwanza ni mafuta ghafi yaliyosafishwa. La tatu ni mafuta ghafi yayo hayo, ila yamepitishwa katika haidrojeni, joto na shinikizo kubwa hata yakabadilika tabia. La nne ni molekuli zilizoundwa, ziitwazo polialfaolefini. La tano ni kila kilichosalia, zikiwamo esta ambazo hutumika katika injini za ndege.

Sasa tazama neno lilivyohama. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Castrol ilibadilisha mafuta ya msingi ya oili yake iitwayo Syntec, ikaacha kundi la nne na kuchukua la tatu, lakini ikaendelea kuiita sintetiki. Washindani wao, Mobil, wakalalamika mbele ya chombo kinachochunguza ukweli wa matangazo ya biashara huko Marekani. Mwaka 1999 uamuzi ukatolewa kuwa Castrol walikuwa na haki ya kulitumia neno hilo. Ujerumani, kwa upande mwingine, neno 'vollsynthetisch' limebaki kwa desturi kuwa la kundi la nne na la tano. Sijaona mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi wa semantiki upanuzi wa maana: kitu kile kile kikivuka bahari hupoteza jina, na uamuzi hautolewi na kamusi bali na wafanyabiashara.

Je, oili ya kundi la tatu ni mbovu? La hasha. Ikitengenezwa vyema hukaribia sana ile ya kundi la nne, na injini nyingi za leo huitumia bila taabu. Hoja yangu ni kuwa neno hilo pekee halikuelezi umenunua nini. Na lile jina jingine, 'nusu sintetiki', ni la kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa API haijaweka kiasi ambacho lazima kiwemo. Nusu hiyo yaweza kuwa nusu ya kikombe.

Penye habari za kweli ni kwenye zile herufi na tarakimu ndogo ambazo wengi wetu huzipita. Ukiona 5W-30, usidhani kuwa W ni uzito. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele yake hueleza oili inavyotiririka penye baridi: oili ya 20W hupimwa kwa nyuzi 15 chini ya sufuri, ile ya 0W kwa nyuzi 35 chini ya sufuri. Tarakimu ya mwisho hueleza oili ilivyo injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Mekanika wetu husema oili 'nzito' na 'nyepesi', na wateja tumewaiga, ilhali hapa hapapimwi uzito wowote. Fizikia ina neno zuri kwa jambo hili: mnato. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Laiti tungelizoea neno hilo, ingekuwa rahisi kuelewa kwa nini oili 'nyepesi' si lazima iwe dhaifu.

Msomaji wa Nyahururu au Limuru atasema kwake kuna baridi. Ipo, lakini si ya kugandisha oili. Hata hivyo, asubuhi injini inapowashwa, oili yenye mnato mdogo hufika upesi kwenye vyuma vya juu, na ni katika nyakati hizo za mwanzo ambapo vyuma husagana sana. Hii ndiyo sababu tabia ya kumimina 20W-50 katika kila gari, eti nchi yetu ina joto, hainiridhishi. Huenda ilifaa kwa yale magari ya zamani yenye nafasi pana baina ya vyuma. Magari tunayoagiza kutoka Japani, ambayo sheria yataka yasizidi umri wa miaka 8, aghalabu yaliundwa kwa ajili ya 0W-20 au 5W-30. Baadhi ya yale ya mseto hutaka hata 0W-16. Njia zake za oili ni nyembamba. Kuzilisha oili ya mnato mkubwa ni kuichosha injini na kuongeza gharama ya petroli.

Tatizo ni kwamba kitabu cha mwongozo wa gari hilo kimeandikwa kwa Kijapani, na hulala ndani ya dashibodi bila kufunguliwa. Kifungueni. Herufi na tarakimu za oili humo hazikuandikwa kwa hati ya Kijapani, na kwa kawaida gredi zinazokubalika huwa zaidi ya moja. Mekanika akipendekeza gredi isiyokuwamo, ana wajibu wa kueleza sababu.

Baada ya mnato, tazama herufi za API. Zinazoanza kwa S ni za injini za petroli: SN ilianza 2010, SP 2020, na SQ 2025. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi, na mpya yaweza kushika nafasi ya ya zamani. Zinazoanza kwa C ni za dizeli, na hapa uangalifu zaidi wahitajika. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi hutaka oili yenye majivu machache. Ukilitilia oili ya CI-4, hata iwe ya bei ya kutisha, majivu yake yataziba chujio hilo polepole.

Je, sintetiki yafaa bei yake? Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya duka lolote. Oili ya kawaida iwe Sh2,500, nawe uibadilishe kila kilomita 5,000. Sintetiki iwe Sh5,000, uibadilishe kila kilomita 10,000. Katika kilomita 20,000 kila mmoja ametumia Sh10,000, lakini mwenye sintetiki amelipia chujio na mekanika mara mbili badala ya nne. Anayenunua sintetiki kisha akaimwaga kwa kilomita 5,000 amepoteza faida hiyo yote. Toyota huko Japani hukubali kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo, na nusu ya hapo penye mazingira magumu. Msongamano wa Nairobi na vumbi la Kitui ni mazingira magumu. Injini ya turbo ni habari nyingine: joto lake ni kali, na huko sintetiki si anasa.

Wanaodai kuwa oili iliyogeuka nyeusi upesi ni mbovu, wajue kuwa sabuni iliyomo ndani yake ndiyo inayobeba masizi. Hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi.

Ila haya yote ni bure ikiwa mkebe wenyewe ni wa kughushi. Kuna wakora wanaookota mikebe mitupu gereji, wakaijaza oili iliyotumika na kuchujwa, wakaifunga upya. Tunayo sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008, lakini sheria haisimami kando ya kila kibanda. Kagua kifuniko, kagua alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, na uishuku bei iliyo chini mno.

Lipo jambo moja linaloniudhi kitaaluma. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Lakini mikebe ninayoiona madukani ina Kiingereza, wakati mwingine na Kiarabu, na dereva wa matatu anayeimimina oili hiyo hana hata sentensi moja aliyoandikiwa yeye. Watengenezaji wakituuzia kwa mamilioni, hawashindwi kuchapa mistari mitano.

Wasipofanya hivyo, walimu tunaweza kuwatangulia. Mkebe mtupu ukifika darasani, mwalimu wa fizikia ana kipindi kizima cha mnato, mwenzake wa kemia ana molekuli, naye wa Kiswahili awape wanafunzi kazi ya kuandika upya lebo yote kwa lugha ambayo mekanika wa Grogan ataielewa. Kipindi kikiisha, mkebe utobolewe kwa msumari kabla ya kutupwa.