Kukwaza si Kuudhi

Kukwaa ni kugonga mguu kwenye jiwe au kisiki. Anayemkwaza mwenzake ni yule anayeliweka jiwe njiani, au anayeliona na kuliacha pale huku akijua kuna mtu anakuja nyuma yake gizani. Neno la Kiyunani lililotumika katika Agano Jipya, skandalon, awali lilikuwa jina la kijiti cha mtego, kile kinachoshika chambo. Kwa hiyo kumkwaza mtu ni kumnasa au kumwangusha. Katika mazungumzo ya makanisani leo neno limelegea. Muumini husema mchungaji amemkwaza akiwa na maana kwamba amemuudhi, na ugomvi mwingi unaoitwa wa imani huanzia kwenye kulegea huko. Mtu aliyeudhika bado amesimama. Aliyekwazwa ameanguka, kwa sababu amefanya jambo ambalo dhamiri yake mwenyewe inamwambia ni dhambi.

Mtume Paulo alilieleza jambo hili mara mbili, kwanza kwa Wakorintho karibu mwaka 55 BK, kisha kwa Warumi miaka michache baadaye. Kisa kilikuwa nyama. Korintho ilikuwa na mahekalu mengi, na nyama ya wanyama waliotolewa sadaka huko ililiwa karamuni au kuuzwa sokoni pamoja na nyama nyingine. Wakristo waliojiona wenye ujuzi walisema sanamu si kitu, basi nyama ni nyama. Paulo aliwakubalia hoja yao. Lakini walikuwamo wengine waliotoka kwenye sanamu hizo juzi tu, ambao kila pande la nyama lilikuwa bado na harufu ya madhabahu. Mmoja wa hao akimwona mwenye ujuzi ameketi hekaluni anakula, naye atakula, lakini hatakula kwa uhuru, atakula kwa kumrudia mungu wake wa zamani. Hapo ujuzi wa mmoja umemwangamiza mwingine.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani mambo ya nyama za sadaka yaliisha zamani. Oldonyo Sambu hayajaisha. Kata hiyo ya Arumeru iko kaskazini-magharibi mwa Mlima Meru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, upande wa mlima usiopata mvua nyingi. Ni nchi ya Waarusha na Wamaasai, ambako ng'ombe na mbuzi ni akiba, mahari, na njia ya kunena na Mungu. Injili ilifika maeneo haya kwa shida. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, yakiua watu na kuchukua mifugo. Kwazo la kwanza la Ukristo mlimani Meru liliwekwa na bunduki. Misheni ya Leipzig ilirudi Nkoaranga mwaka 1902 na kufika Ilboru mwaka 1904, na kazi yake ndiyo mizizi ya sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika eneo hili. Leo wapo pia Wakatoliki, Wapentekoste, na Wasabato, ambao chuo kikuu chao kiko Usa River.

Katika mila za Kimaasai, mnyama wa sherehe kwa kawaida hachinjwi kwa kisu shingoni. Huzibwa pumzi mpaka afe, na damu yake hunywewa, mara nyingine ikichanganywa na maziwa. Sasa, mkutano wa mitume Yerusalemu, karibu mwaka 49 BK, ulipowafungulia mlango watu wa mataifa, uliwaomba wajiepushe na vitu vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Ni maandiko machache yanayotua bomani moja kwa moja kama hayo. Wapo Wakristo wanaoyasoma kuwa amri ya daima, wakaiacha damu kabisa. Wengine huyasoma kuwa masharti ya amani kati ya Wayahudi na wageni wa karne ile, na wanaendelea kunywa kwa shukrani.

Yupi yuko sahihi? Paulo angeuliza kwanza swali jingine: ni nani ameketi kando yako? Mzee aliyebatizwa miaka 40 iliyopita anaweza kuitikia wito wa tohara kwa jirani, akala nyama ya sherehe, akawabariki vijana wa rika, asione moyoni mwake lolote zaidi ya ng'ombe na undugu. Kijana aliyebatizwa mwaka jana, ambaye hadi juzi hakuanza safari bila kumwendea loiboni, mganga na mtabiri wa Kimaasai, anakula nyama ileile kwa hofu: labda mila ikiachwa laana itamfuata. Sahani ni moja, lakini kijana ameshuka tena kule alikotoka, na aliyemshika mkono kumshusha ni mzee wake wa kanisa. Kumwambia kijana huyo asiende kabisa nako si jambo jepesi, maana anayejitenga na rika lake hupoteza ndugu, msaada wa siku ya shida, na sauti mbele ya wazee. Ushauri wa mtume ni wa kiutu zaidi ya makatazo: ukialikwa, nenda, kula bila kuhojihoji, lakini mtu akikunong'oneza kwamba hii imetolewa sadaka, iache, kwa ajili yake yeye aliyesema.

Pombe ni vivyo hivyo. Makanisa mengi ya Kipentekoste huikataza kabisa, ilhali Walutheri na Wakatoliki hutumia divai mezani pa Bwana, na wazee wengi hawaoni kosa katika kibuyu cha pombe ya asali. Mwenye kunywa kidogo hana haja ya kujitetea kwa mafungu. Aangalie tu kama aliyeketi mbele yake ni mtu aliyetoka kwenye ulevi.

Linalowashangaza wengi ni yule ambaye Paulo anamwita dhaifu. Katika masikio yetu, mwenye makatazo mengi ndiye mwenye imani kubwa. Katika Waraka kwa Warumi mambo yamegeuzwa: dhaifu ni yule anayekula mboga tu na kuhesabu siku, na mwenye nguvu ni yule aliye huru. Kila mmoja ana dhambi inayomvizia. Mwenye nguvu hudharau, dhaifu huhukumu. Wote wawili wanaambiwa kwamba mwenzao ni mtumishi wa Bwana mwingine, na Bwana huyo ndiye atakayemwuliza. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda kati ya 1929 na miaka ya 1930, uliwatoa watu wengi kwenye ulevi na uongo, na hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini uliacha pia mazoea ya kuwagawa watu wa usharika mmoja kuwa waliookoka na wasiookoka kwa kutazama gilasi na mavazi.

Mwaka 2011 mkoa mzima wa Arusha ulishuhudia kukwazwa kwa maana yake kamili. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, na foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi. Waliokunywa waliitwa washirikina, waliokataa wakaitwa wasio na imani. Hukumu hizo zilikuwa kelele tu. Jambo zito lilikuwa lingine. Viongozi na watu wenye majina walikwenda kunywa, na mtu mwenye daktari wake mjini hakupoteza kitu. Mgonjwa maskini aliyewaona, akaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini amepona, ndiye aliyelipa.

Kanuni hii ina mipaka. Haimfanyi kila mwenye kununa kuwa mtawala wa wenzake; Paulo mwenyewe alimkabili Petro hadharani Antiokia, Petro alipojitenga na Wakristo wasiotahiriwa kwa kuogopa watu. Wala haihusu madhara. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya mwaka 1998, na anayenyamaza ili asiwakwaze wazee amewachagua wazee akamwacha mtoto.

Mahali ambapo Watanzania wameitekeleza kanuni hii bila kuitaja ni kwenye kisu. Mkristo mwenye sherehe ya ubatizo au kipaimara humwita jirani Mwislamu amchinjie mbuzi, ingawa dini yake haimdai hivyo, ili mgeni Mwislamu asikae na njaa wala asile kwa kusitasita. Kuna mahali desturi hii imegeuzwa kuwa shindano la nani ana haki: Februari 2013 huko Buseresere, Geita, mgogoro wa kuchinja uliishia kwa kuuawa kwa mchungaji. Kwingine kwingi mbuzi huchinjwa asubuhi, na adhuhuri wageni wote hula sinia moja.