Kujaribu Kivinjari Kipya

Kivinjari ni ile programu ambayo kwayo mtu hufungua kurasa za intaneti. Wengi wetu hutumia kile tulichokikuta ndani ya simu au kompyuta siku tuliyoinunua, wala hatuulizi kama kuna kingine. Kwa mtu anayetazama matokeo ya mpira na kusoma barua zake, hapana neno. Lakini mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kampala, na kutwa nzima kurasa thelathini au arobaini huwa wazi mbele yangu: bei za mabati, viwango vya fedha, fomu za kodi, na maagizo ya wateja. Mtu wa kazi namna hii ni mgumu kuridhika. Basi kwa muda wa mwezi mzima nimefanya kazi yangu yote kwa kivinjari kiitwacho Vivaldi, nami napenda kuwaeleza niliyoyaona, hasa ninyi wanafunzi ambao karibu mtaingia maofisini.

Nasema kipya kwa kuwa ni kipya kwangu. Chenyewe kilitolewa rasmi mwezi wa Aprili 2016. Asili yake ni hii. Mwaka 1995, huko Norway, Jon von Tetzchner na mwenzake Geir Ivarsøy walianzisha kampuni ya Opera. Wakubwa waliotangulia kutoka shuleni hapa wataikumbuka Opera Mini ya simu za vibonye, iliyoenea duniani tangu 2006. Ukurasa ulipita kwanza katika mashine za kampuni, ukapunguzwa uzito, ndipo ukaletwa kwenye simu. Von Tetzchner aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 2011. Miaka miwili baadaye Opera iliiacha injini yake yenyewe ikachukua ile ya Google, na mambo mengi waliyoyapenda watumiaji wa zamani yakapotea. Vivaldi kilitengenezwa kwa ajili ya watu hao wagumu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuweka kipanya kando. Ukibonyeza F2 kinatokea kisanduku. Andika sehemu tu ya jina la ukurasa uliokuwa umeufungua, nacho kitakupeleka pale pale. Kwangu mimi hili peke yake limeokoa dakika nyingi. Tena vichupo, yaani vile vibandiko vya juu vinavyoonyesha kurasa zilizo wazi, huweza kuwekwa kimoja juu ya kingine kama mafaili katika jalada: mabati huku, kodi kule. Na kurasa mbili huweza kukaa bega kwa bega katika kioo kimoja, ndivyo ninavyolinganisha ankara na bei za kiwandani. Yako mambo mengine mengi, kama daftari la pembeni na ishara za kipanya, lakini sikuyahitaji sana.

Kurasa arobaini zikiwa wazi, kivinjari chochote hula kumbukumbu ya kompyuta. Dawa yake ni kuzilaza zile usizozisoma. Hubaki mahali pake lakini hazifanyi kazi mpaka uziguse. Vivaldi kina amri ya kufanya hivyo. Mwenye kompyuta ya kumbukumbu ya GB 4 asiache kuitumia.

Sasa nije kwenye bando, maana hapa ndipo mfuko unapoguswa. Nchini Uganda, tangu Julai 2018 watumiaji wa mitandao ya kijamii walitozwa shilingi 200 kwa siku. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo kila tangazo linalorukaruka pembeni mwa ukurasa hulipiwa na msomaji. Vivaldi kina kizuizi cha matangazo ndani yake tangu 2020, lakini hapana budi ukiwashe mwenyewe katika mipangilio. Mtu akitaka kupima vivinjari viwili kwa haki, na aanze navyo vyote vikiwa vitupu. Kivinjari huweka nakala za picha za kurasa ulizokwisha kuzifungua ili kisizivute tena. Basi cha zamani kitaonekana kuwa kina matumizi madogo, kumbe kinakula akiba. Nilipoanza sawasawa, kurasa za magazeti zilipungua uzito sana bila matangazo. Zile za ofisi, zisizo na matangazo, hazikubadilika.

Lakini jambo lililonifikirisha kuliko yote ni la mlangoni. Kila kivinjari, kinapoomba ukurasa, hutaja jina lake. Iko ofisi moja ambayo fomu yake ilikataa kivinjari changu kimoja cha zamani ikaniamuru nitumie Chrome. Vivaldi ilipita bila kuulizwa. Sababu yake si ya kupendeza: tangu Desemba 2019 watengenezaji wake waliamua kwamba mbele ya tovuti nyingi kijitaje kuwa ni Chrome, kwa kuwa kilipotaja jina lake halisi kilifukuzwa, ijapokuwa injini yao ni moja. Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 2003 Opera iliilaumu MSN ya Microsoft kwa kuipelekea ukurasa ulioharibika, ikajibu kwa kutoa toleo la mzaha lililogeuza maneno ya MSN kuwa upuuzi mtupu.

Hapo ndipo penye neno. Chrome, Edge, Opera na Vivaldi vyote vinaendeshwa na injini moja, Blink, ambayo Google ndiyo yenye sauti kubwa juu yake. Safari ina yake, na Firefox ina yake. Google ilipobadili kanuni za programu ndogo za kuongezea, mwaka 2024 na 2025, vizuizi vya matangazo vya namna ya zamani viliacha kufanya kazi katika Chrome, na waliokopa injini ile walilazimika kutafuta njia yao. Kwa hiyo Vivaldi nimekichagua kwa kazi, lakini Firefox sikukiondoa; kila fomu ninayoitegemea naijaribu humo pia, na inapokataa nawaandikia wenye ofisi.

Mkitaka kuhama, angalieni maneno ya siri. Kivinjari cha zamani hukubali kuyatoa yote katika faili moja ili kipya kiyasome, na faili hilo halina kufuli lolote. Alifunguaye huyasoma kama barua. Likishasomwa, lifuteni, kisha mlifute na katika pipa la taka. Na katika kompyuta za maktaba ya shule, msihifadhi neno la siri hata moja.