Teredo: ndugu wa chaza anayekula mashua

Anayetafuta mashua kuukuu mara nyingi hudanganywa na rangi. Rangi hupakwa wiki ya kuuza, lakini mharibifu mkubwa wa vyombo vya mbao huwa amekwisha kaa humo miezi mingi, na aliingia kwa tundu dogo kuliko kichwa cha pini.

Wataalamu humwita Teredo navalis, naye ana jamaa wengi wa tabia hiyohiyo. Ukimchomoa mbaoni utasema ni mnyoo, kwani mwili wake ni laini, mweupe na mrefu. Kumbe ni wa ukoo wa chaza na kombe. Magamba yake mawili yamebaki madogo tu kichwani, yenye vimeno, nayo ndiyo yanayokwangua mbao. Huingia akiwa mchanga mno, kisha hukulia humohumo: mlango haupanuki, lakini handaki nyuma yake laweza kuzidi sentimita 30. Unga wa mbao huumeza, na bakteria wanaoishi katika matamvua yake ndio wanaotengeneza vimeng'enya vya kuusaga. Kuta za handaki huzipaka chokaa.

Meli za Christopher Columbus zilitobolewa hivyo hata akalazimika kuzipandisha pwani ya Jamaica mwaka 1503. Mhandisi Marc Brunel naye alivutiwa na uchimbaji wa mdudu huyu alipobuni mtambo uliochimba njia chini ya mto Thames, London, iliyofunguliwa mwaka 1843.

Maji baridi hayawezi, kwa hiyo wavuvi wa Ziwa Victoria hawana habari naye. Pwani ni hadithi nyingine. Mafundi hupandisha chombo maji yakipwa, hukilaza, huwasha makuti makavu chini yake ili kumwunguza, kisha hupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Muuzaji muulize deheni ilipakwa lini mara ya mwisho. Akisitasita, umekwisha kujibiwa.

Ukaguzi uanzie ngamani. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa mnunuzi hilo ni agizo halisi. Inua mbao za sakafu utazame maji yaliyotuama. Lakini usiogope kila uvujaji: chombo kilichokaa nchi kavu mbao zake hunywea, kalafati ikalegea, na siku ya kwanza majini lazima kivuje. Kiache majini siku kadhaa hadi mbao zivimbe. Kikiendelea kufuliwa maji kutwa kucha, kuna jambo.

Kisha chukua nyundo ndogo ugonge ubao mmoja mmoja chini ya mstari wa maji. Ubao mzima hulia. Ulioliwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Ukiutilia shaka, uchome kwa ncha ya kisu. Usiruke hata mmoja, kwa sababu Teredo hufuata nyuzi za ubao wake na kwa kawaida havuki kiungo kwenda wa jirani. Ubao mmoja waweza kuwa mapango matupu na wa pili yake ukawa salama kabisa.

Sehemu za juu zina maradhi mengine. Huko mharibifu ni maji ya mvua, yanayolea kuvu wa kuozesha kuliko maji ya chumvi yafanyavyo. Chunguza pembe zinazotuamisha maji na kitako cha mlingoti. Tazama pia vichwa vya misumari: machozi ya kutu juu ya rangi mpya yanasema mengi kuliko mdomo wa dalali.

Tanga lililochakaa, jarari iliyolika, hata ubao wa ubavuni, vyote hubadilishwa, basi vitumie kupunguza bei. Mkuku uliotobolewa ni habari tofauti. Kuubadilisha ni karibu sawa na kuunda chombo upya, na kwa bei yoyote ile, mashua ya namna hiyo usiinunue.