Kuunganisha tarakilishi: Utaratibu unaookoa mtaji wa fundi Eastlands

KATIKA wiki ya mwisho ya Juni kila mwaka, foleni huwa ndefu katika saiba za Umoja, Kayole, Donholm na Buruburu, jijini Nairobi. Wananchi huwa wanakimbizana na makataa ya Juni 30 ya kuwasilisha taarifa za ushuru kwa Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru nchini (KRA) kupitia mtandao wa iTax.

Tarakilishi moja ikizimika siku hizo, mwenye saiba hupoteza wateja ambao huenda wasirudi tena. Humwita fundi wa mtaani, naye hufungua kisanduku na kuanza kubadilisha vipuri huku wateja wakimtazama.

Ni katika haraka ya namna hii ambapo mitambo mingi huharibika kabisa. Pini moja ikipinda, au waya mmoja ukichomekwa pasipo pake, kazi iliyokuwa ya nusu saa hugeuka hasara ya maelfu ya shilingi. Mara nyingi hasara hiyo huwa ya fundi mwenyewe.

Tarakilishi nyingi zinazotumiwa mitaani Eastlands si mpya. Ni mitumba iliyotoka katika ofisi za Ulaya na Marekani, maarufu kama 'ex-UK', ambayo huuzwa katika maduka ya katikati mwa jiji na ya mitaani. Mafundi huzifungua, wakatoa kipuri hapa na kukiweka pale, hadi ikapatikana mashine moja nzima.

Kiini cha kazi hiyo ni ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi. Huu ndio ubao unaobeba prosesa na kumbukumbu, na ndio unaopokea nyaya zote za umeme na data. Kila sehemu ya tarakilishi huwasiliana na nyingine kupitia ubao huu, na ndiyo maana kosa linalofanyika hapa huathiri mtambo mzima.

Umeme usioonekana

Jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa umeme ukutani, kisha kubonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobakia ndani uishe. Fundi hapaswi kamwe kufungua kisanduku cha pawa saplai yenyewe. Kapasita zilizomo huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Adui wa pili ni umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini mtu anapotembea au kuvua sweta. Binadamu huhisi mshtuko wake unapofikia takriban volti 3,000, ilhali baadhi ya vipuri huharibiwa na kiwango kilicho chini mno ya hicho. Kwa hivyo, fundi anaweza kuua kipuri bila kuhisi lolote.

Hatari hiyo huzidi hewa inapokauka, kama ilivyo Nairobi katika miezi ya Januari na Februari. Kinga yake ni rahisi: fundi aguse chuma kitupu cha kisanduku kabla ya kushika kipuri, na arudie kufanya hivyo kila mara. Bora zaidi ni kuvaa ukanda wa mkononi uliofungwa kwenye chuma hicho. Shabaha ni mwili, kisanduku na kipuri kuwa katika kiwango kimoja cha umeme, ili pasiwe na cheche ya kuruka.

Aidha, ubao mama usiwekwe juu ya mfuko wake wa kung'aa na kuwashwa hapo. Upande wa nje wa mfuko huo hupitisha umeme. Katoni kavu ya ubao wenyewe ni salama zaidi.

Prosesa kwanza

Ni vyema prosesa, kipoza joto na kumbukumbu vifungwe kabla ubao haujaingizwa kisandukuni, kwa kuwa nje kuna nafasi na mwanga wa kutosha.

Kwa miaka mingi pini zilikuwa chini ya prosesa. Mwaka wa 2004 kampuni ya Intel ilizihamishia kwenye soketi ya ubao ilipoleta soketi ya LGA 775. AMD ilifuata mkondo huo katika tarakilishi za kawaida za mezani mwaka wa 2022 kupitia soketi ya AM5. Mabadiliko hayo yana maana kwa mnunuzi wa mitumba: ubao wa aina hii ukiuzwa bila kifuniko cha soketi, achunguze pini chini ya mwanga mkali kabla ya kulipa.

Prosesa ina alama ya pembetatu kwenye kona moja, na soketi ina alama kama hiyo. Fundi huinua wenzo, akalinganisha alama hizo mbili, kisha akaiachilia prosesa itulie kwa uzito wake. Haisukumwi. Ikikataa kukaa, basi imegeuzwa au si ya soketi hiyo.

Baada ya wenzo kufungwa, hupakwa dawa ya kupitisha joto. Ile ya zamani hufutwa kwanza kwa kitambaa safi na spiriti ya isopropili. Kiasi cha mbaazi ndogo katikati ya prosesa kinatosha, kwa kuwa kazi ya dawa hiyo ni kujaza mianya myembamba iliyopo baina ya vyuma viwili. Ikipakwa nyingi, huzuia joto badala ya kulipitisha.

Kipoza joto hufungwa kwa mtindo wa mshazari: kona moja, kisha ile inayoikabili, ili mgandamizo uwe sawa. Waya wa feni yake huchomekwa mahali palipoandikwa CPU_FAN. Ukisahauliwa, baadhi ya mbao hutoa onyo au kukataa kuwaka, na zile zinazowaka hujizima zikipata joto kupita kiasi.

Kumbukumbu na pengo lake

Kumbukumbu, yaani RAM, huja kwa vizazi ambavyo havichanganyiki. DDR3 ina pini 240, nazo DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja. Hata pale idadi inapolingana, pengo lililo kwenye ukingo wa kadi limewekwa mahali tofauti makusudi, ili kadi ya kizazi kimoja isiingie katika nafasi ya kizazi kingine.

Fundi anayelazimisha huvunja nafasi yenyewe. Njia sahihi ni kufungua vibanio, kulinganisha pengo, kisha kugandamiza ncha zote mbili hadi vibanio vijifunge kwa mlio mdogo.

Palipo na nafasi nne na kadi mbili pekee, aghalabu kadi hizo hukaa katika nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Mpangilio huo huuwezesha ubao kusoma kadi zote mbili kwa pamoja na hivyo kuongeza kasi. Maandishi yaliyo ubaoni ndiyo hutoa uamuzi wa mwisho.

Vigingi vinavyounguza

Ubao haulazwi moja kwa moja juu ya chuma cha kisanduku. Huinuliwa na vigingi vidogo vinavyoingiana na matundu yake ya skrubu. Kigingi kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu, kinaweza kugusa njia za umeme zilizo chini yake na kuziunganisha visivyo.

Kosa hili hutokea sana ubao wa mtumba unapohamishiwa kisanduku kingine. Fundi makini huhesabu matundu ya ubao, akahesabu vigingi, na kuondoa kilichozidi. Kisha huhakikisha hakuna skrubu iliyoanguka chini ya ubao.

Nyaya na mahali pake

Ubao wa kawaida wa muundo wa ATX, ulioletwa na Intel mwaka wa 1995, sasa hupokea umeme kupitia plagi kubwa ya pini 24. Hiyo peke yake haitoshi. Prosesa ina plagi yake ya pini nne au nane, iliyo karibu na soketi. Ikisahauliwa, feni huweza kuzunguka na taa zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Fundi asiyejua hilo huweza kulaumu ubao ambao hauna kasoro.

Plagi ya pini nane ya prosesa hufanana na ile ya kadi ya picha, lakini mpangilio wa umeme ndani yake umegeuzwa. Maumbo ya pini yametofautishwa ili zisiingiliane, hivyo plagi inayokataa kuingia ina sababu. Vilevile, nyaya zinazochomoka kwenye pawa saplai zisiazimwe kutoka saplai ya kampuni nyingine. Upande wa saplai hauna mpangilio mmoja wa pamoja, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

Diski huhitaji nyaya mbili za SATA: mwembamba wa data wenye pini saba, na mpana wa umeme wenye pini 15. Zote zina umbo la herufi L linalozuia kugeuzwa.

Nyaya ndogo za mbele ya kisanduku ndizo huwasumbua wanafunzi zaidi. Za kitufe cha kuwasha na cha kuanzisha upya zinaweza kugeuzwa bila madhara, kwa kuwa swichi huunganisha tu pini mbili. Za taa ni lazima zifuate alama za chanya na hasi; zikigeuzwa, taa haiwaki. Waya wa USB nao unahitaji uangalifu zaidi, kwani unapitisha umeme. Kuuchomeka kwenye pini zisizo zake kunaweza kuunguza ubao au kifaa cha mteja.

Mtego wa mashine za ofisini

Si kila mtumba unaofuata mpangilio wa kawaida. Baadhi ya mashine za ofisini za Dell na HP hutumia plagi kuu za umeme za muundo wao wenyewe. OptiPlex 9020 ya Dell, kwa mfano, hutumia plagi kuu ya pini nane, na EliteDesk 800 G1 ya HP hutumia ya pini sita.

Fundi anayenunua pawa saplai ya kawaida kwa ajili ya mashine kama hizo hujikuta na kipuri kisichoingia, isipokuwa apate waya maalumu wa kubadilisha. Ni heri kufungua kisanduku na kuhesabu pini kabla ya kwenda Luthuli Avenue kununua.

Mtego mwingine ni swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma ya saplai za zamani, yenye alama za volti 115 na 230. Marekani hutumia takriban volti 120, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotoka huko ikichomekwa hapa kabla ya swichi kugeuzwa, saplai hulipuka papo hapo na huenda ikaharibu ubao pia.

Betri ndogo, hasara kubwa

Kabla ya kufunga kisanduku, fundi huwasha mashine ikiwa na vitu vichache tu: prosesa, kipoza joto chake, kadi moja ya kumbukumbu na skrini. Ikiwaka, anaongeza diski, kisha vingine, kimoja baada ya kingine. Ikigoma, atajua ni kipuri kipi kilicholeta tatizo, kwa kuwa ndicho alichoongeza mwisho.

Milio inayosikika wakati wa kuwaka pia ni lugha. Kila mtengenezaji ana orodha yake inayoeleza ikiwa kasoro iko kwenye kumbukumbu, picha au kwingineko. Jicho nalo lina kazi: kapasita zilizovimba juu, tatizo lililoenea katika mbao za miaka ya mwanzo ya 2000, ni ishara kwamba ubao haufai kuuziwa mteja.

Kipuri cha mwisho cha kukaguliwa ni kidogo na cha bei nafuu kuliko vingi: betri ya CR2032 ya volti tatu inayotunza saa ya ubao. Ikiisha nguvu, umeme ukipotea tarehe hurudi nyuma kwa miaka. Mitandao salama hutambuliwa kwa vyeti vyenye tarehe, hivyo kivinjari hukataa kuifungua. Mwenye saiba huambiwa intaneti ni mbovu, kumbe iTax na eCitizen zimefungiwa nje na betri ya ukubwa wa sarafu.

Vipuri vilivyokufa navyo visitupwe ovyo. Mbao za zamani zina risasi, na kuzichoma ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu, jambo ambalo wakazi wanaopakana na jaa la Dandora hawahitaji kuongezewa. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa mwongozo kuhusu taka za elektroniki mwaka wa 2010. Aidha, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002 kuzipa shule tarakilishi zilizokarabatiwa, ndilo lililozaa kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka hizo eneo la Embakasi.

Kazi ya mafundi haielekei kupungua. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Ofisi za ng'ambo zinapoziondoa mashine hizo, huenda nyingine zikaishia katika meza za mafundi wa Eastlands.

Mteja anayepokea mashine iliyounganishwa upya ana haki ya kuiona ikiwaka kabla ya kulipa, kukagua tarehe yake, na kupewa risiti yenye muda wa dhamana. Fundi anayeruhusu hayo yote hupoteza dakika chache tu, na Juni ikifika mwenye saiba humkumbuka kwa sababu hakulazimika kumpigia simu.